Hukumu ya Uzuri

Neno "zuri" ni neno dogo. Mtoto hulijua kabla hajajua kuandika jina lake, na mzee hulitamka hata siku zake za mwisho. Twasema nguo nzuri, wimbo mzuri, mwandiko mzuri, jioni nzuri; na kwa kuwa twalitamka kwa wepesi, twadhani kuwa twalielewa kwa wepesi pia. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka mingi, ijapokuwa kazi yangu ni ualimu, na mwalimu hapaswi kulipokea neno bila ya kulipima. Chuoni nilifunzwa namna ya kumwuliza mwanafunzi swali. Sikufunzwa namna ya kulisikia jibu nisilolitazamia. Jambo hilo nilifunzwa baadaye, na aliyenifunza ni mwanafunzi wangu mwenyewe. Nataka kukusimulia, ewe msomaji, habari ya siku hiyo, kisha tufikiri pamoja juu ya swali lililozaliwa nayo: twajuaje kuwa kitu ni kizuri, na tukisema hivyo twasema nini hasa?

Kiambere iko upande wa Mbeere, katika kaunti ya Embu. Ni nchi ya ukame. Mvua yake ni haba, na miti yake mingi ni migunga yenye miiba. Watu wake hulima mtama, kunde na ndengu, hufuga mbuzi, na hutundika mizinga ya nyuki mitini. Hapo hupita mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ukitoka katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukienda zake Bahari ya Hindi. Katika sehemu hii ya mto yamejengwa mabwawa matano ya umeme. La kwanza lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968. Likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, na Masinga mwaka 1981. Na la tano ni Kiambere, lililoanza kazi mwaka 1988. Mahali ambapo zamani mto ulipita kwa kelele kati ya miamba na mashamba, sasa pametanda ziwa kubwa, na ng'ambo yake huonekana vilima vya nchi ya Ukamba.

Niliwapeleka wanafunzi wangu kulitazama bwawa hilo kwa ajili ya somo la jiografia. Tulipomaliza kuandika na kupima, jua lilikuwa linashuka. Upepo ulikuwa umetulia, na ziwa lote liligeuka rangi ya shaba. Wanafunzi, ambao mchana kutwa walikuwa wakipigana mabega na kuchekana, walinyamaza wenyewe bila ya kuamriwa. Kisha mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, maji haya ni mazuri. Sijapata kuona kitu kizuri kama hiki." Wenzake wakakubali kwa sauti moja. Lakini msichana mmoja aliyesimama nyuma alisema polepole, "Mahali hapa si pazuri." Wakacheka. Mvulana akamwuliza, "Wewe huna macho?" Naye akajibu, "Babu yangu alilima chini ya maji hayo."

Nilitaka amani, na gari lilikuwa likitungoja. Nikasema, "Basi, kila mtu na macho yake. Kizuri kwako si lazima kiwe kizuri kwa mwenzio. Twendeni." Wanafunzi wakanyamaza, na msichana akainamisha kichwa. Nikajiona mwenye busara kama kadhi aliyewapatanisha ndugu wawili. Usiku ule usingizi haukunijia. Nilitambua kuwa sikumpatanisha mtu. Niliwaambia wote wawili kwamba waliyoyasema si kitu. Kwa mvulana nilisema kuwa uzuri aliouona ni ndoto ya macho yake. Kwa msichana nilisema kuwa huzuni yake ni yake peke yake, wala haimhusu mwingine. Hayo yote niliyatenda kwa sentensi moja ambayo kila mmoja wetu huitumia, akidhani kuwa ni hekima.

Tuipime sentensi hiyo. Mtu akisema kuwa apenda uji wenye ndimu, na wewe huupendi, hamwendi kwa mzee kuamuliwa. Yeye atakunywa wake nawe utakunywa wako, na urafiki wenu utadumu. Hapo ni kweli kuwa kila mtu na ulimi wake. Lakini mtu akisema kuwa mlima ni mzuri, au wimbo ni mzuri, hasemi habari za ulimi wake. Hunyosha kidole na kusema, "Tazama!" Husema, "Sikiliza!" Ukimjibu kuwa huoni kitu, hafurahi wala hanyamazi. Atakushika mkono na kukusogeza mahali pengine ili uone vizuri zaidi. Kama uzuri ungekuwa sawa na ladha ya uji, kidole kile kingenyoshwa kwa sababu gani?

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani aliyeishi katika mji wa Königsberg, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1790. Alisema kuwa kitu cha kupendeza ulimi mtu hukisemea nafsi yake tu, na huridhika kusema kuwa chamfaa yeye. Lakini mtu hawezi kusema kwa haki kuwa kitu ni kizuri kwake yeye tu. Maana akikiita kizuri, amesema kwa niaba ya wote, na ataka wote wakubaliane naye. Hapo ndipo palipo ajabu yenyewe. Twadai kukubaliwa, wala hatuna ushahidi wa kumlazimisha mtu akubali. Ukitaka kunionyesha kuwa bwawa lina maji mengi, utaleta kipimo, nami nitashindwa hoja. Ukitaka kunionyesha kuwa ni zuri, huna kipimo. Una kidole tu, na subira, na sauti yako.

Labda, msomaji, utasema kuwa kipimo kipo, nacho ni kanuni. Mshairi wa Kiswahili ana vina na mizani. Kwa nini tusihukumu kwa hizo? Swali hili si geni kwetu. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake juu ya sheria za kutunga mashairi, na vizazi vya wanafunzi vimefunzwa kwa kitabu hicho namna ya kupanga vina na kuhesabu mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake iitwayo Kichomi, iliyokuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kale. Mjadala mkubwa ukazuka kati ya wanaushairi. Wengine walisema kuwa kazi kama hizo si mashairi kabisa. Wengine walisema kuwa ushairi umepata pumzi mpya. Leo wewe wasomeshwa aina zote mbili darasani, wala hushangai.

Mjadala huo wanifunza mambo mawili. La kwanza, kanuni si mchezo. Ni akiba ya waliotutangulia, waliojaribu na kukosea na kujaribu tena, hata wakajua kitu gani hupendeza sikio la Mswahili kwa miaka mingi. Mwenye kuzidharau kabla hajazijua ni kama mwana anayetupa ufunguo wa ghala kabla hajaona kilichomo. Lakini la pili, kanuni haionji kwa niaba yako. Wanafunzi wameniletea mashairi ambayo vina vyake havina kasoro na mizani yake imetimia, nami nimeyasoma hali napiga miayo. Na wengine wameniletea ubeti uliovunjika mizani, nikausoma mara tatu, nikanyamaza. Kanuni yaweza kukuonyesha mahali pa kutazama. Haiwezi kutazama.

Basi wengine hukimbilia matumizi. Husema kuwa kizuri ni kile kinachofaa kazi yake. Hoja hii ni ya kale sana. Katika kitabu kimoja cha Plato, mwandishi wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, Sokrate amwuliza Hippias ni mwiko upi ulio mzuri zaidi kwa kukorogea mchuzi katika chungu: wa dhahabu, au wa mti wa mtini? Hippias, aliyekwisha kusema kuwa dhahabu hupamba kila kitu, ashindwa. Mwiko wa dhahabu waweza kukivunja chungu na kumwaga mchuzi na kuuzima moto. Wa mti wafaa zaidi, na huupa mchuzi harufu njema. Kila mama aliyepata kusonga ugali atamwunga mkono Sokrate. Kweli hii ni kubwa, nayo yatuokoa na ujinga wa kudhani kuwa kizuri ni kile cha bei kubwa.

Walakini haikomi hapo. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga vyungu kwa mkono, huving'arisha kwa kuvisugua, na huvichoma hata vikawa vyekundu kama machweo au vyeusi kama usiku. Ufundi wake una deni kwa wanawake wafinyanzi wa Nigeria, ambao alikwenda kujifunza kwao. Vyungu vyake vimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Hakuna anayetekea maji kwa vyungu hivyo, na hakuna anayepikia. Hata hivyo watu husimama mbele yake kimya. Kama uzuri ungekuwa matumizi matupu, chungu kisichotekewa maji kingekuwa kitu cha kuchekwa.

Turudi ziwani tukiwa na jambo hili mkononi. Waweke watu watatu ukingoni jioni ile. Mhandisi alitazama ziwa akaona umeme. Mvuvi alilitazama akaona samaki. Mwenye ng'ombe alilitazama akaona kinywaji cha mifugo yake wakati wa kiangazi. Wote watatu waweza kusema "zuri", nao hawakosei. Lakini kila mmoja asema kuwa ziwa lamfaa. Mtu wa nne ni yule aliyesahau haja zake kwa dakika chache, akayatazama maji kwa ajili ya maji. Huyo, kwa mafundisho ya Kant, ndiye aliyetoa hukumu ya uzuri. Sharti la hukumu hiyo ni kuiweka haja kando: kutotazama kwa tamaa ya kupata, wala kwa hofu ya kupoteza.

Kant mwenyewe alitoa mfano ambao, niliposoma, ulinifanya nimkumbuke mwanafunzi wangu. Alisema: mtu akiniuliza kama jumba hili la kifalme ni zuri, naweza kumjibu kuwa sipendi vitu vilivyojengwa ili watu wavishangae tu, au naweza, kwa mtindo wa Rousseau, kuwalaumu wakubwa wanaotumia jasho la watu kwa mambo yasiyo ya lazima. Maneno hayo yote yaweza kukubaliwa kuwa kweli, asema Kant, lakini siyo yaliyoulizwa. Aliyeuliza ataka kujua kama jumba lapendeza kulitazama, basi.

Niliona kuwa nimepata jibu. Mvulana aliulizwa juu ya uzuri akajibu juu ya uzuri. Msichana alijibu swali jingine. Tena niligundua, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha, kwamba maneno yao yenyewe yalikuwa yametofautiana. Mvulana alisema juu ya maji: ni mazuri. Msichana alisema juu ya mahali: si pazuri. Lugha yetu hulifanya neno hili moja libebe mizigo miwili, wa sura na wa wema. Mtu mzuri aweza kuwa mzuri wa uso au mzuri wa tabia, na wazee walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani yake ni kipande cha mti. Nikaazimia kumwita msichana, nimweleze kwa upole kuwa hawakupingana kabisa, na kwamba yeye alichanganya mambo mawili.

Nashukuru kuwa sikufanya haraka. Kuna hadithi ambayo David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliitumia katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, akiwa ameiazima kutoka kwa Cervantes wa Hispania. Watu wawili waliosifiwa kwa ujuzi wa divai waliitwa kuonja pipa. Wa kwanza alisema kuwa divai ni njema, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili alisema kuwa ni njema, ila ina ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomwagwa, ilionekana chini yake ufunguo mkuukuu uliofungwa ukanda wa ngozi. Kwa Hume, mwamuzi mwema ni mwenye akili timamu na hisia nyepesi, aliyezoea kutazama, aliyelinganisha vitu vingi, na aliyejitakasa na upendeleo. Lakini mimi nilipoisoma hadithi hiyo niliwafikiri wale waliocheka. Nilijiona miongoni mwao. Nilikuwa nimetoa hukumu kabla pipa halijamwagwa.

Basi siku ya Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa msichana yule. Nilimkuta babu yake amekaa juu ya kigoda chini ya mwembe, uso wake umeelekea ziwa. Tulisalimiana, nikapewa uji, tukaongea habari za mvua. Kisha nikamwuliza, "Mzee, naomba unisamehe kwa swali la kitoto. Ziwa lile ni zuri?"

Alinitazama kwa muda. "Jioni ni zuri sana, mwalimu," akasema. "Nimekiweka kigoda hapa makusudi. Kwa nini waniuliza?"

Nikamweleza yote, pamoja na kicheko cha wanafunzi na sentensi yangu. Hakukasirika. Alinyosha fimbo yake kuelekea maji, akanionyesha mahali ulipokuwa mkuyu, na shamba lililokuwa kando ya mkuyu, na njia ya wanawake ya kwenda mtoni. Mimi sikuona ila maji. Yeye aliyaona yote. Kisha akasema, "Wewe ukisema ni zuri, waona maji. Mimi nikisema ni zuri, naona maji na kilicho chini yake. Huyo mtoto hajafika mahali pa kusema hivyo, nami simharakishi. Lakini asichekwe."

Wakati bwawa hilo lilipojengwa, maelfu ya watu walihamishwa. Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa wastani wa ardhi ya mkulima aliyehamishwa ulishuka kutoka hekta 13 hadi hekta 6, na mifugo yao ikapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mazao yao ya mahindi na maharagwe kwa kila hekta pia yalipungua sana, maana ardhi ya ukingoni mwa mto haina ndugu katika nchi kavu. Wakati huo huo umeme wa mto huu umewasha taa na kuendesha viwanda mbali na hapa. Habari zote mbili ni za kweli. Lakini sikwenda kwa mzee ili niihukumu serikali, wala yeye hakuniomba. Nilikwenda kujifunza juu ya neno "zuri", na nilirudi na jambo ambalo sikulikuta waziwazi katika vitabu.

Jambo lenyewe ni hili. Kant asema kuwa mwenye kuhukumu uzuri sharti aiweke haja yake kando, nami naamini kuwa asema kweli. Lakini kuweka kando si kutokuwa nacho. Mtu huweka kando kile alichokishika. Mvulana wangu hakuweka kando kitu chochote jioni ile, kwa sababu mikono yake ilikuwa mitupu; ziwa halikumgharimu. Hukumu yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa rahisi. Mzee alikuwa amebeba shamba zima na mkuyu na njia ya mtoni. Aliviweka chini kila jioni, akatazama, akasema "zuri", kisha akaviinua tena akaingia navyo ndani ya nyumba. Hukumu yake ndiyo nzito kuliko zote nilizozisikia, kwa kuwa alikuwa na kila sababu ya kuyachukia maji, na hakuyasingizia ubaya. Tena alikuwa na kila sababu ya kujisahaulisha, na hakusahau. Na msichana je? Yeye alikuwa bado ameushika mzigo wa babu yake kwa mikono miwili. Hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumnyang'anya mzigo huo kwa kicheko, wala kwa sentensi ya mwalimu.

Usidhani, msomaji, kuwa jambo hili ni la Kiambere tu. Kwa Wamijikenda wa pwani yetu kuna vigango, nguzo za mti zilizochongwa kwa heshima ya wazee waliokufa. Katika miaka ya nyuma vingi viliibwa, vikauzwa ng'ambo, vikasimamishwa katika nyumba za matajiri na katika makumbusho. Walionunua hawakuwa vipofu. Waliona kuwa michoro yake ni mizuri, na ni mizuri kweli. Lakini waliviona kama mvulana alivyoliona ziwa. Hawakuuliza kigango kilikuwa kimesimama wapi, wala nani alimlilia aliyesimamishiwa. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyokuwa katika makumbusho ya Marekani vilirudishwa Kenya, na vingine vimefuata. Uzuri wake haukupungua kwa kurudi nyumbani. Kilichorudi pamoja navyo ni nusu ya pili ya habari.

Sasa naweza kujibu swali nililoanza nalo. Tukisema kuwa kitu ni kizuri, hatusemi tu kuwa twakipenda, wala hatusomi kanuni, wala hatuhesabu faida. Twatoa wito. Twamwita mwenzetu aje asimame tuliposimama, aone tuonacho. Kwa sababu ni wito, una adabu zake, kama kila wito ulivyo na adabu. Anayemwita mgeni nyumbani hutazama kwanza kama njia yapitika. Vivyo hivyo, anayemwita mwenzake kuutazama uzuri hana budi kujiuliza: huyu nimwitaye amebeba nini? Atalazimika kuweka chini kitu gani ili afike hapa nilipo? Nami nimepata kumsaidia kukibeba, au nimemcheka tu kuwa achelewa?

Usinielewe vibaya. Sisemi kuwa tunyamaze mbele ya kila kitu kizuri kwa sababu pana mtu mwenye huzuni. Dunia isiyo na mtu wa kusema "Tazama!" ni dunia maskini, na mzee wa Kiambere mwenyewe hakutaka umaskini huo. Sisemi pia kuwa kilichopatikana kwa hasara ya watu hakiwezi kuwa kizuri. Macho yetu yatatusuta tukisema hivyo. Nasema kuwa kuna hesabu mbili, hesabu ya uzuri na hesabu ya haki, na mtu mwaminifu huziandika zote mbili, wala hafuti moja kwa kutumia nyingine. Anayesema "Ni zuri, basi msilalamike" ameghushi hesabu. Anayesema "Watu waliumia, basi si zuri" naye ameghushi, ijapokuwa ana udhuru mkubwa zaidi.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikakiri kuwa nilikosea. Nilisema kuwa maneno "kila mtu na macho yake" niliyatumia kama mtu atumiavyo mlango, ili nisisikie zaidi. Si rahisi kwa mwalimu kusema hivyo, na darasa lilikuwa kimya sana. Kisha yule mvulana aligeuka nyuma, akamwuliza msichana, bila ya mzaha, "Shamba la babu yako lilikuwa upande gani?" Msichana alisita. Halafu aliinuka, akaja ubaoni, akachukua chaki, akachora mto kama ulivyokuwa, na mkuyu, na shamba, na njia. Wanafunzi walisimama ili waone. Mchoro ule haukuwa na ufundi mwingi. Lakini sikumsikia hata mmoja akicheka, na kengele ilipolia hawakutoka.

Nawe msomaji, utaviona vitu vingi vizuri katika maisha yako, na nakuombea uvione. Vitazame kwa muda mrefu kuliko walivyovitazama wenzako. Jifunze kanuni za waliotangulia, linganisha hiki na kile, ondoa tamaa machoni pako. Na siku utakaponyosha kidole na kumwambia mwenzako, "Tazama!", ngoja kidogo kwanza, umtazame yeye.